Mgeni wa Kwanza ni Mpishi

Mgeni wa kwanza ni mpishi. Methali hii ilianza katika banda la makuti, juu ya sahani ya bati, na kabla ya kuwa methali ilikuwa msiba. Nawaambia mapema, asije mtu akacheka mahali pasipochekwa.

Mmeniuliza kwa sababu Bi Tausi amewazuia mlangoni. Mlikuwa mmekwisha kujitwika masinia, wageni wa harusi wameketi jamvini wananawa mikono, naye akaja akasimama katikati ya mlango na upana wake wote, akauliza nani kapika. Mrisho akasema ni yeye. "Umekula?" Mrisho akacheka, akajibu kwamba mpishi hula mwisho. Bi Tausi akaitamka methali hii, akachota tonge, akamtia Mrisho kinywani mwenyewe kama anamlisha mtoto. Nyinyi mkaona ni visa vya vikongwe. Haya, sufuria la pili bado liko motoni, na mimi bado nina nazi za kukuna. Kaeni, ila msikae upande wa moshi.

Zamani, kabla barabara haijafika huku, pwani ya Kigandani palikuwa na banda la kulia chakula. Halikuwa na jina. Watu walisema tu, "Twende kwa Bi Mwanatumu." Nguzo zake zilikuwa za mikoko, paa la makuti, sakafu ni mchanga ule ule wa ufukweni, na mahali pa kukaa ni magogo ya minazi yaliyochongwa upande mmoja. Upepo ukivuma, mchanga uliingia kwenye wali, nawe ulitafuna ukanyamaza. Hakuna aliyekwenda pale kutafuta starehe.

Waliokwenda ni wakata mkonge siku yao ya mapumziko, wachukuzi wa chumvi, mafundi wa kuezeka, na wanawake waliotoka kuuza mikeka wakiwa hawajauza kitu. Bi Mwanatumu aliwalisha kwa bei ambayo hata asiye na kitu aliweza kuipata, kwa sababu alinunua kilichosazwa mnadani. Nguru na kolekole walikwenda mjini na matajiri. Yeye alichukua mafungu ya visamaki vyenye miiba, mikia, na vichwa vikubwa. Wateja walikuwa na utani wao: "Matajiri wamekula minofu, sisi tumeachiwa akili." Lakini mchuzi wake, jamani! Tui zito, ndimu, bizari, pilipili mbili za kijani zikielea juu bila kupasuka. Mtu alikuja na uchovu wa wiki nzima akaondoka anapiga mluzi.

Alikuwa mjane, ana binti mmoja aitwaye Zuhura, na alikuwa na mambo mawili aliyoyashika sana. La kwanza, hakununua samaki asiye na kichwa. Alisema, "Samaki asiye na kichwa hana jina. Nitampikaje nisiyemjua jina?" La pili ni lile tulilofundishwa sote na mama zetu: mgeni kwanza, mpishi mwisho. Anayekuja kula apewe kilicho kizuri, tena apewe mwanzo, na aliyepika ale ukoko. Mpishi aliyeonekana anatafuna kabla ya mgeni aliitwa mroho, na mwanamke akishaitwa mroho, binti yake naye haposwi. Bi Mwanatumu alikuwa na adabu hiyo kupita kiasi. Hata kuonja chumvi alikuwa anaonjea kiganjani, akiwapa watu mgongo.

Sasa, katika kijiji cha Mlingoni, huko bara kidogo, palikuwa na kijana seremala jina lake Hemedi. Alikuja Kigandani kutengeneza milango, akala bandani, akamwona Zuhura. Mengine sina haja ya kuwaeleza, nyote mna macho. Aliporudi kwao alimwambia baba yake kwamba mke amempata.

Baba yake alikuwa Mzee Shekue, mtu wa taratibu, mwenye maneno machache. Hakutaka kutuma mshenga kabla hajajionea mwenyewe. Alimwambia mkewe, Bi Semeni, "Ukitaka kumjua mkwe usiende sebuleni kwake. Katazame anavyompakulia maskini. Nitakula pale bandani kwanza, kama mtu yeyote. Nikitosheka, nitakwenda kwa mjomba wa binti nikapeleke posa." Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akashika njia.

Siku aliyofika ilikuwa mbaya kwa Bi Mwanatumu. Kijijini palikuwa na mazishi jana yake, na mnajua desturi ya wavuvi wetu: maiti akiwa hajalala vizuri kaburini, chombo hakishuki majini. Mnadani palikuwa patupu. Bi Mwanatumu alisimama pale na kapu lake, akiwafikiria wakata mkonge waliokwisha kuketi kwenye magogo. Ndipo akapita mchuuzi wa baiskeli, mgeni wa pwani ile, ana tenga la samaki waliokwisha kuparuliwa, kuchunwa na kukatwakatwa. Hakukuwa na kichwa hata kimoja. Juu yake palikuwa na mayai ya samaki, mafungu mawili manene, yameshikana vizuri.

"Samaki gani hawa?" Bi Mwanatumu akauliza.

"Mchanganyiko, mama. Nimeuziwa hivi hivi na wavuvi wa kule mbele. Wazuri tu."

Akasita. Akawaangalia tena watu wake walioketi na njaa, kisha akanunua. Lile neno lake la samaki na jina alilimeza siku hiyo moja tu.

Chakula kilikuwa kinakaribia kuiva Mzee Shekue alipopiga hodi. Aliketi kwenye gogo kati ya wachukuzi wawili, akasalimia, akasema anatoka Mlingoni, akauliza kwa upole nyumba ya mjomba wa Zuhura iko upande gani. Hapo Bi Mwanatumu akamjua. Mzee mwenye kanzu safi, anatoka Mlingoni, anaulizia nyumba ya mjomba: mwenye binti hahitaji kuambiwa zaidi. Akatwaa sahani iliyo nzima kuliko zote, akapakua wali, akatia mchuzi. Kisha akayatoa yale mayai yote chunguni, akamwekea yeye peke yake juu ya wali, maana mayai ndiyo heshima ya samaki. Akampelekea kwanza kabla ya wote, akapiga goti.

Mzee Shekue akala. Alimtazama Bi Mwanatumu akimwongezea mchukuzi mmoja mchuzi bila kuombwa, akatabasamu. Walioketi naye walisema baadaye kwamba alitikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na nafsi yake.

Hakufika kwa mjomba. Alikwenda hatua chache, akarudi akashika nguzo ya banda. Akasema midomo imekufa ganzi. Kisha akasema vidole. Kisha ulimi ukawa mzito, asieleweke tena anachosema. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakaanza kumkimbiza zahanati, ambayo haikuwa karibu. Jambo lililowaumiza zaidi waliombeba ni kwamba macho yake yalikuwa yanaona na masikio yanasikia mpaka mwisho. Pumzi ilikatika njiani, kabla ya kufika.

Mvuvi mmoja mzee akalimwaga lile kapu mchangani. Chini kabisa akakuta kipande cha ngozi kilichogandia kwenye ukili, kina vijimiba vidogo vidogo. Akakigusa, akaketi chini. "Bunju," akasema. Samaki anayejivimbisha kama puto, ambaye wavuvi wetu humtupa kabla nyavu hazijafika nchi kavu. Mayai yake ndiyo mabaya kuliko nyama. Wengine waliokula vipande walipata ganzi ya midomo wakapona. Aliyeheshimiwa ndiye aliyekufa.

Lifikirieni jambo hilo, wanangu. Aliyemvua hakumla, alimuuza. Mchuuzi hakumla, alimuuza. Bi Mwanatumu hakumla, kwa sababu ya adabu. Samaki yule alipita mikono mitatu, na kinywa cha kwanza kumla kikawa cha mgeni. Mimi jambo hili huniuma mpaka leo, na nilikuwa sijazaliwa.

Mazikoni, ndugu wa marehemu, Mzee Kihiyo, alisema maneno yaliyozunguka nchi nzima: "Ndugu yangu alikwenda na posa, amerudi na sanda." Wenye midomo mirefu wakaongeza yao. Mwanamke yule hakuitaka posa. Mwanamke yule ana mkono mbaya, hata mumewe alikufaje? Hemedi akakatazwa kulitaja jina la Zuhura. Zuhura akawa anachota maji mchana wa jua kali, saa ambayo wenzake hawapo kisimani. Na Bi Mwanatumu akazima moto. Akayafunika mafiga kwa mchanga, akakaa ndani. Wakata mkonge walikuja siku yao, wakasimama mbele ya banda, wakarudi na njaa zao. Yeye aliwatazama kupitia ufa wa mlango akilia, lakini hakutoka. Alikuwa anaiogopa mikono yake mwenyewe.

Bi Semeni alikaa eda yake mpaka ikatimia. Mwanamke akikaa eda ana muda mrefu wa kufikiri. Alipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia shemeji yake Kihiyo amsindikize Kigandani. Kihiyo alidhani wanakwenda kudai haki. Akachukua fimbo yake nzuri.

Walifika mchana. Bi Semeni hakwenda nyumbani kwa mtu. Aliingia bandani, akafuta vumbi kwenye gogo kwa kanga yake, akaketi. Watu wakaanza kukusanyika kwa mbali. Bi Mwanatumu akaitwa, akatoka, akamwona mwanamke yule, hakuhitaji kuambiwa ni nani. Akaanguka magotini.

"Mama, pole," akasema. "Sina neno jingine. Nimelitafuta, sina."

"Nimeshapoa," Bi Semeni akajibu. "Nimekuja kula."

"Hapa hapapikwi tena."

"Nimetembea tangu alfajiri. Utanirudisha na njaa?"

Hilo Bi Mwanatumu hakuliweza. Unaweza kumwambia mwanamke wa pwani maneno yote, lakini usimwambie kwamba amemrudisha mgeni na njaa. Akainuka, akachukua kapu, akashuka mnadani. Watu wakampisha njia. Akanunua changu wazima, vichwa na mikia, mmoja wao mkubwa ana tumbo limejaa. Akarudi nao, akaketi mchangani mbele ya Bi Semeni, akaanza kuwaparua hapo hapo, kila mtu akiona. Alipompasua yule mkubwa, mayai yakatoka.

Mkono wake ukasimama. Akayashika kama aliyeshika kaa la moto, akataka kuyatupa.

"Usitupe," Bi Semeni akasema. "Mume wangu alipikiwa mayai. Nipikie mayai."

Bi Mwanatumu akawasha moto. Akakuna nazi, akakamua tui, akapika kama alivyokuwa akipika, machozi yakimtiririka asiyafute kwa sababu mikono ilikuwa na pilipili. Chakula kikaiva. Akapakua wali, akaweka samaki na kichwa chake juu, akaweka mayai pembeni. Akaileta sahani. Watu wakangojea apige goti na kuiweka mbele ya mgeni.

Hakuiweka. Aliketi kwenye gogo uso kwa uso na Bi Semeni, akaiweka sahani magotini pake, akanawa, akala. Akala wali, akala mnofu. Akachukua kipande cha mayai, akatafuna polepole, akameza.

Mzee Kihiyo akapiga fimbo chini. "Tazameni ufedhuli! Mpishi anakula, mjane anamtazama! Na kwa huyu ndiko ndugu yangu alikokwenda kuposa binti?"

Bi Mwanatumu akainua uso. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini walioko nje walimsikia.

"Kaka yangu, siku ile nilikuwa na adabu. Nilimpa ndugu yako kwanza, nikampa kizuri, mimi nikangoja ukoko. Adabu yangu ndiyo iliyomuua. Sitakuwa na adabu hiyo tena mpaka nazikwa. Katika banda hili, kuanzia leo, mgeni wa kwanza ni mpishi. Nikianguka, mama huyu atarudi kwake salama."

"Basi tungoje," Bi Semeni akasema.

Wakangoja. Wanawake wawili uso kwa uso, sahani katikati. Mvuke ukaisha, mchuzi ukaganda juu, nzi wakaja wakapungwa. Kila baada ya muda Bi Semeni aliuliza, "Midomo?" na mwenzake alijibu, "Mizima." "Vidole?" "Vizima." Watu wanasema kwamba maswali yale yalianza kama ya hakimu, na kadiri jua lilivyopinda yakawa kama ya mtu anayemuuguza dada yake. Zuhura alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, kucha zimeingia kwenye mti.

Adhana ya alasiri ikalia. Bi Mwanatumu alikuwa bado ameketi, mzima. Bi Semeni akanyoosha mkono, akaivuta sahani, akala. Chakula kilikuwa baridi. Akala wali, akala samaki, akala mayai, na alipofika kwenye mayai ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msibani. Bi Mwanatumu akahama gogo lake akaketi pembeni yake, bega kwa bega, wakalia pamoja wote wawili. Hakuna aliyewaambia nyamazeni.

Alipomaliza, Bi Semeni aliacha tonge moja. Akamgeukia shemeji yake.

"Kihiyo, njoo ule."

"Mimi sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Ndugu yako alikuja hapa na maneno, akafa nayo. Mimi ni mwanamke, kwetu posa hainenwi na mwanamke. Utayanena wewe. Lakini hutaomba mke katika nyumba ambayo hujala chakula chake."

Mzee Kihiyo akaiegemeza fimbo kwenye nguzo, akanawa, akalichukua lile tonge, akalimeza kwa shida kama dawa. Akaomba aitiwe mjomba wa binti. Na hapo bandani, mbele ya wachukuzi wa chumvi, akayasema aliyotakiwa kuyasema Mzee Shekue.

Bi Mwanatumu alipika tena miaka mingi. Kila samaki aliletwa na kichwa chake juu ya wali, hata kama mnofu ulikuwa mdogo kama kidole. Na kila chungu kilipoiva, alikuja nacho katikati ya banda, akala mbele ya watu, wao wakingoja na njaa zao bila kunung'unika. Wageni wa mbali walishangaa kumwona mpishi anatangulia, na wakata mkonge ndio waliowajibu: "Tulia, bwana. Mgeni wa kwanza ni mpishi." Wakaibeba methali hiyo makambini kwao, ikasambaa. Leo utaisikia hata mikutanoni, mkubwa akileta amri mpya ambayo yeye mwenyewe haitamgusa. Mtu wa nyuma husimama akaisema, akaketi.

Zuhura na Hemedi walioana. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume. Watu walitaka kujua ataitwa nani, na wengine waliogopa hata kulitaja jina lile. Bi Mwanatumu ndiye aliyelitamka, akiwa amempakata mtoto. Nyinyi mnaniita Babu Ndevu, na ndevu kweli ninazo. Lakini jina nililopewa siku ile magotini pa bibi yangu ni Shekue. Babu yangu nimemjua kwa kaburi lake tu, na aliyemuua bila kujua ndiye aliyenilea, na sijapata kula chakula cha mikono yake ambacho hakukila yeye kwanza.

Sasa nazi zimekwisha, na sufuria la pili nasikia limeanza kunukia. Mrisho, lete upawa. Safari hii usingoje kulishwa na Bi Tausi. Wageni wako wako jamvini, wametuamini na hawajui tumetia nini. Jipakulie, ule, wakuone.

Ndivyo. Mgeni wa kwanza ni mpishi.